Nilichovya kidole katika kopo la bibi yangu

Mama Mshauri, jambo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, nina miaka 34, nakaa Katuba. Nakuandikia kwa siri kidogo, maana jambo lenyewe ukilisema mbele ya wanaume wenzako watakucheka mpaka mvua inyeshe.

Tangu utoto uso wangu hukauka kiangazi kikiingia. Unaujua mwezi wa sita wa kwetu: asubuhi baridi inakata masikio, mchana jua kali, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sahani ya bukari, yaani ugali. Mimi najiongezea na vumbi la chaki. Ikifika saa nne asubuhi nimeshapauka. Pembeni mwa pua na kwenye ndevu ngozi inabambuka magamba madogo madogo, na nikicheka nasikia inavutika. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniuliza mbele ya darasa zima: "Mwalimu, leo umejipaka chaki?" Darasa likavunjika. Hata mimi nilicheka, lakini iliniuma.

Mama yangu, aliye Likasi, anasema nipake vazelini kama alivyotupaka tukiwa wadogo. Nimejaribu. Asubuhi kabla ya kutoka najipaka vizuri, nang'aa kama sufuria mpya. Saa sita vumbi lote la barabara limeninata kwenye paji la uso, na chini yake ukavu uko pale pale.

Mwaka huu, katikati ya mwezi wa tano, nikaliona kopo la bibi yangu, yaani mke wangu. Ni kopo jeupe lisilo na maandishi yoyote, ananunua kwa mama mmoja sokoni anayemchanganyia. Analitumia yapata miaka miwili, mwili mzima, na ngozi yake imekuwa laini, imepata mwanga. Usiku mmoja nikachovya kidole. Mama, sikuamini. Siku ya tatu magamba yameisha. Wiki ya pili hata vile vipele vya kunyoa ndevu, ambavyo vimenisumbua tangu chuoni, vikalala. Nikaendelea asubuhi na usiku, miezi miwili.

Halafu kwenye matanga ya jirani, mwalimu mkuu wetu akanivuta pembeni akaniuliza, kwa upole, kama siku hizi najichubua. Nikarudi nyumbani nikajitazama kwenye picha: uso wa mtu mwingine juu ya shingo yangu. Nikaacha siku ile ile.

Leo ni siku ya 12. Uso unawaka. Vipele vidogo vidogo vimezunguka mdomo hadi kidevuni. Nikitoka juani ni kama nimemwagiwa pilipili. Ukavu umerudi na umekuja na ndugu zake. Shule inafunguliwa mwezi wa tisa na sitaki kusimama mbele ya wazazi hivi. Nawaza nirudie kopo kidogo kidogo, mpaka wakati huo tu. Je, nifanye hivyo? Na kama hapana, ni mafuta gani mwanaume mwenye uso mkavu, lakini paji lenye mafuta, anaweza kununua kwa mshahara wa mwalimu, ambao unaujua? Vazelini, gliserini, leti (losheni)? Nimesimama mbele ya farmasi mara mbili nikaona aibu kuingia.

Bibi yangu sijamwambia. Ananyonyesha mtoto wetu wa miezi minane, sitaki kumletea mawazo.

Mwalimu wa Chaki, Katuba

*

Mwalimu wa Chaki, jambo na wewe.

Kopo usilirudie. Hata kidogo kidogo, hata kwa ajili ya wazazi wa mwezi wa tisa.

Sasa nikwambie anayekujibu ni nani. Kabla ya kukaa na barua za watu, niliuza mafuta soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwa miaka sita. Juu ya meza yangu kulikuwa na chupa zenye majina na picha za wanawake wanaocheka. Chini ya meza kulikuwa na beseni. Katika beseni lile nimekoroga makopo kama la bibi yako, kwa mkono huu huu unaoandika: leti ya mwili ya kawaida, tibu tatu au nne za krimu ya dawa, na mafuta kidogo ya kuficha harufu. Mteja akisema anataka haraka, unakamua tibu ya tano. Hakuna aliyekiita kitu kile sumu. Tulisema "kupandisha". Kwa hiyo uliponiandikia kwamba magamba yaliisha siku ya tatu, sikuhitaji kulinusa kopo. Mafuta ya kweli ya kulainisha ngozi ni kitu kipole. Yanasaidia taratibu na hayamshangazi mtu.

Tibu zile mara nyingi huandikwa clobetasol. Ni steroidi, tena katika zile kali kabisa za kupaka. Daktari huiandika kwa ugonjwa sugu wa ngozi, sehemu ndogo, kwa kawaida isizidi wiki mbili mfululizo, na usoni huikwepa kwa sababu ngozi ya uso ni nyembamba na hunywa dawa zaidi ya ngozi ya mkono. Kazi yake ni kuzima uvimbe na mwasho. Ndiyo maana vipele vya ndevu vililala. Ukiizoeza ngozi kitu hicho kwa miezi miwili, siku ukikiondoa ule uvimbe uliokuwa umezimwa unaamka wote pamoja, na vipele vipya kuzunguka mdomo vinaongezeka juu yake. Hayo unayoyaona kwenye kioo nimeyaona kwa wateja wangu, na aibu yangu ni kwamba niliwauzia kopo jingine ili yaishe. Yaliisha, kwa wiki chache.

Ule weupe ulioonwa kwenye matanga unaweza kuwa umetoka kwa steroidi hiyo hiyo, au kwa haidrokwinoni, ambayo nayo iliingia sana kwenye mabeseni yetu. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika krimu za kung'arisha ngozi mwaka 2001. Kabla ya hapo, mwaka 1975, madaktari wa Afrika Kusini walikuwa wameshaandika juu ya madoa meusi yenye ubuluu yanayotokea mashavuni mwa watu walioitumia muda mrefu, madoa ambayo hakuna anayejua kuyafuta vizuri. Wewe umetumia miezi miwili. Nina matumaini makubwa na rangi yako kurudi.

Kwa hiyo nenda kwa daktari, wa ngozi kama unaweza kumpata, na kama huwezi, anza na daktari wa kituo cha afya cha karibu. Nenda na kopo lenyewe. Usione haya, yeye ameona mengi kuliko sisi. Mwambie siku ulizotumia, mara ngapi kwa siku, na siku uliyoacha. Uwakaji huu unaweza kuendelea wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na kuna dawa za kuupunguza ambazo si kazi yangu kuzitaja hapa. Uso ukivimba, ukitoa usaha, macho yakiguswa, au ukipata homa, usisubiri miadi. Na ukijisikia kulegea mwili wote, kizunguzungu na kutapika, hiyo ni hospitali siku ile ile, kwa sababu steroidi nyingi ikiachwa ghafla mwili nao unaweza kukosa nguvu, mbali na ngozi.

Mpaka umwone daktari, uso wako upewe likizo. Maji ya uvuguvugu tu, bila sabuni. Leti nyepesi isiyo na manukato, safu nyembamba, asubuhi na usiku, basi. Kuzunguka mdomo usipake vazelini wala mafuta mazito kwa sasa. Vipele vile huvipenda. Ndimu, dawa ya meno, asali yenye mdalasini uliyotumiwa kwenye simu, vyote viache jikoni.

Nije sasa kwenye swali lako la kweli, ambalo lilikuwa na haki kabla ya kopo kuingia.

Hapa kwetu tunachanganya kung'aa na kulowa. Mtoto akitoka nyumbani hang'ai, jirani anasema mama yake hamtunzi. Tumekua tukiamini mafuta yanalisha ngozi, na yakiwa mengi ndiyo imeshiba. Lakini tazama bukari. Iache mezani bila kufunikwa, kiangazi, robo saa tu: juu inafanya ganda gumu. Sasa mimina mafuta juu ya ganda lile. Litang'aa sana, na ukilivunja kwa kidole ni gumu vile vile. Kilichoondoka ni maji, na mafuta hayana maji ya kurudisha. Ungeifunika ikiwa bado ya moto na unyevu, ingekaa laini mpaka wageni wafike.

Uso wako saa moja asubuhi ni bukari iliyokwisha kufanya ganda. Umeoga, umejifuta kwa taulo, umevaa, umekunywa chai, umetafuta soksi, ndipo unakumbuka vazelini. Hewa ya mwezi wa sita hapa Lubumbashi, tuko juu kama mita 1,200 na mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa nne, inakunywa maji ya ngozi kama mchanga. Dakika chache baada ya kujifuta, yale maji yaliyokuwa juu ya ngozi yameondoka. Vazelini yako imefunika chungu kitupu, halafu imekamata vumbi.

Kwa hiyo saa ya kupaka ina uzito kuliko jina la mafuta. Ukinawa, usijifute mpaka ukauke. Gusagusa kwa taulo, uache uso ukiwa mbichi, upake hapo hapo bafuni kabla ya dakika tatu kupita. Weka tibu bafuni kama unavyoweka mswaki. Jambo hili halina gharama na lingeweza kukuokolea miezi miwili ya kopo.

Na kabla ya kupaka kuna kuoga kwenyewe. Nakuona asubuhi ya baridi na maji yaliyochemka juu ya mbabula, karibu yakuunguze, na kipande cha sabuni kile kile kinachofulia mashati. Maji ya moto hivyo yanayeyusha mafuta asilia ya ngozi, na sabuni ya kipande inamalizia. Ngozi ina uchachu kidogo, pH yake iko karibu na 5, sabuni ya kawaida iko 9 au 10. Mwili unavumilia. Uso, kiangazi, hauvumilii. Daktari akisharuhusu kurudi kwenye sabuni, nawa uso kwa sabuni mara moja tu, jioni, ukirudi na chaki yako na moshi wa barabara, na iwe laini, isiyokuacha ukisikia ngozi inalia kwa kukaza. Asubuhi maji yanatosha. Watu wengi hudhani ule mkazo baada ya kunawa ndio usafi. Ni malalamiko.

Basi tuingie farmasi, na aibu tuiache nje kwa mlinzi. Krimu haina jinsia. Zile zilizoandikwa "kwa wanaume" zina chupa nyeusi na manukato makali, na mara nyingi bei yake inapanda kwa sababu hiyo hiyo. Ngozi ya mwanaume ni nene kidogo na hutoa mafuta zaidi, kwa hiyo wewe unahitaji kitu chepesi kuliko cha mama yako, na tofauti inaishia hapo.

Geuza chupa, usisome mbele. Mbele kuna matangazo. Nyuma kuna orodha ya viungo, na imepangwa kuanzia kilicho kingi. Cha kwanza kitakuwa aqua, yaani maji, vizuri. Tafuta glycerin ikiwa katika majina matano au sita ya mwanzo. Gliserini huvuta maji na kuyashika. Urea nayo inafanya hivyo, na kwa uso mkavu asilimia 5 inatosha, ila siyo sasa hivi ngozi ikiwa inawaka, itakuchoma. Halafu tafuta kitu cha kulainisha, kama siagi ya shea au mafuta ya mimea, na kitu cha kufunika juu, kama dimethicone au paraffinum liquidum. Kukiwa na keramidi, ambazo ni mafuta ya aina ile ile ambayo ngozi hushikia seli zake, ni bora zaidi, lakini hapo bei nayo huanza kuongea. Krimu nzuri ina kidogo cha kila upande. Usiogope neno cetearyl alcohol. Ni nta laini, haikaushi. Inayokausha ni alcohol denat., na ikiwa juu kwenye orodha rudisha chupa mahali pake. Parfum, yaani manukato, ikiwepo, kwa uso wako wa leo, rudisha pia.

Kisha maneno ya kukimbia hata kama chupa imefungwa kwa dhahabu: éclaircissant, blanchissant, teint clair, yote ni Kifaransa cha kung'arisha au kufanya mweupe. Unifiant na clarifiant wakati mwingine ni upole wa kusema jambo lile lile, basi soma viungo kwa jicho la mwalimu. Ukiona hydroquinone, clobetasol, betamethasone, au neno lolote la zebaki, kama mercure au calomel, toka. Zebaki kwenye krimu huharibu figo, na nchi zilizosaini Mkataba wa Minamata zimekubaliana kuiondoa kabisa katika vipodozi. Hata hivyo bado inasafiri. Mengi ya mafuta yetu yanapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mengine yana maandishi ambayo hata muuzaji hayasomi. Usichoweza kusoma usikipake usoni.

Tazama pia tarehe, na kama imekwanguliwa umeshapata jibu. Ile picha ndogo ya kopo lililofunguliwa yenye 6M au 12M inakwambia litumike miezi mingapi baada ya kufunguliwa. Andika siku uliyofungua chini ya chupa kwa kalamu. Tibu au pampu ni bora kuliko kopo la kuchovya, kwa sababu kidole cha mwalimu kina chaki na kidole cha mtoto kina kila kitu. Usinunue ile iliyopangwa juani sokoni tangu asubuhi. Nilikuwa naigeuza chupa ili upande ulioungua utazame ukuta, kwa hiyo najua ninachosema.

Ukifika nyumbani, paka nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko asubuhi na jioni kwa siku nne au tano. Hakuna mwasho, hakuna wekundu? Basi uso. Kiasi ni punje moja kubwa ya haragi, kwa uso na shingo, na masikio usiyasahau, baridi inaanza huko. Mashavu na pembeni mwa pua kwanza. Paji lako la mafuta lipate mabaki ya vidoleni tu. Ukiona baada ya wiki mbili tatu vipele vyeusi paji la uso, krimu ni nzito, shuka kwenye leti. Mafuta ya nazi na siagi ya kakao, ambayo dada zetu wanayasifu, huziba vinyweleo vya watu wengi. Kwa miguu na viwiko ni mazuri mno, usoni mwako siyashauri.

Mshahara wa mwalimu naujua, nimeolewa na mmoja. Kama mwezi umefika tarehe 20 na krimu haiwezekani, nunua chupa ndogo ya gliserini safi farmasi. Usiipake peke yake. Ni nzito kama asali, inanata, na katika hewa kavu hukosa pa kuvuta maji isipokuwa ndani ya ngozi yako. Changanya kijiko kimoja na vijiko vitano vya maji yaliyochemshwa yakapoa, paka uso ukiwa mbichi, kisha juu yake, usiku, vazelini nyembamba sana mashavuni, kiasi cha kupasha joto kati ya vidole viwili mpaka iyeyuke. Mchanganyiko huo hauna kihifadhi, kwa hiyo tengeneza wa siku mbili tu. Hii ni baada ya uso kupoa na daktari kukubali, nasisitiza.

Ndevu. Vipele vile vitarudi, kwa sababu havikuwahi kuondoka. Nywele zetu zimejikunja. Ukizinyoa chini kabisa, ncha inageuka na kuchoma ngozi kutoka ndani. Sasa hivi usinyoe kabisa, mwambie mwalimu mkuu unafuga. Baadaye nyoa baada ya kuoga nywele zikiwa laini, fuata zinakoelekea, usivute ngozi, usirudierudie mahali pamoja, au tumia mashine inayobakiza kivuli kidogo. Na kinyozi akija na ile chupa yake ya spiriti, mkamate mkono.

Jua nalo. Ngozi iliyotoka kwenye kopo haina ulinzi wake wa kawaida, na kila kipele kitakachopona kinaweza kuacha doa ambalo jua hulikoleza. Kofia yenye ukingo, tangu leo. Krimu ya jua ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, daktari akisema ngozi iko tayari, kiasi cha mistari miwili ya vidole kwa uso na shingo, juu ya leti. Zile zenye zinki hutuacha weupe kama walioanguka kwenye unga. Jaribu mkononi dukani kwanza. Wewe umeshaitwa chaki mara moja, inatosha.

Sasa Mwalimu, kuna mstari mmoja katika barua yako niliousoma mara tatu, na haukuwa swali. Bibi yako ananyonyesha.

Wewe ulipaka uso, miezi miwili. Yeye anapaka mwili mzima, miaka miwili, na mtoto wa miezi minane analala shavu juu ya kifua kile, anakishika, ananyonya. Vilivyo kwenye kopo huingia mwilini mwa mama, na vinahamia kwa mtoto kwa ngozi kugusana. Kama ndani kuna zebaki, inahamia hata kwa taulo na mito. Hili halingoji wewe upate ujasiri.

Lakini usirudi nyumbani ukatupa kopo shimoni kwa hasira ya mwanaume aliyesoma barua. Mtu aliyepaka steroidi kali mwili mzima kwa miaka miwili haachi ghafla peke yake. Mwili wake umezoea, na kuacha hupangwa na daktari. Mnakwenda wote wawili, na mtoto mgongoni, na kopo kwenye mfuko. Mpaka siku hiyo, ambayo naomba iwe wiki hii, asipake kifuani, wala mikononi anapombebea mtoto, na anawe kabla ya kunyonyesha.

Utaanzaje kumwambia? Anza na uso wako. Una bahati ambayo waume wengi hawana: huwezi kumhubiria, kwa sababu na wewe ulichovya. Mwonyeshe vipele, mwambie kidole chako kilikuwa wapi, mwombe msamaha wa kuiba mafuta yake, kisha kaa kimya umsikilize. Inawezekana na yeye anajua kitu. Wateja wangu wengi walijua. Walikuja jioni, hawakuuliza kilichomo, na walitazama pembeni nikiwa nakoroga. Usimuulize kwa nini alitaka kuwa mweupe, leo siyo siku yake. Mama wa sokoni naye usimfuate na kelele. Akijitetea, bibi yako atamtetea, nanyi mtapoteza jioni nzima.

Na mama yako wa Likasi, mpigie simu. Vazelini ina zaidi ya miaka 150, Mmarekani Robert Chesebrough aliipatia hataza mwaka 1872, na mpaka leo ni vigumu kupata kitu kinachozuia maji kutoka kwenye ngozi kuliko yenyewe. Muulize alikuwa anawapaka saa ngapi. Nakuwekea dau la chupa ya gliserini: mlikuwa mmesimama kwenye beseni, mnatetemeka, bado mnadondoka maji.

Mama Mshauri